Mali Bila Daftari: Kigiriki cha Kale Kina Somo kwa Washairi Wetu

Kalamu, karatasi, kanuni, falsafa. Mshairi wa Kiswahili huyatumia maneno haya manne kila siku bila kujiuliza yalianzia wapi safari yake. Yote yalitufikia kwa mkono wa Kiarabu, na Kiarabu nacho kiliyapokea kutoka Kigiriki. Naanza na jambo hili ili msomaji asishangae kwamba mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili niketiye barazani Tandika, nimeamua kuandika habari za Kigiriki cha kale na kompyuta. Lugha ile haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa, na yale ambayo wanazuoni wake wameyafanya kwa mashine katika miaka hamsini iliyopita yanatuhusu kuliko tunavyopenda kukiri.

Hata pwani yetu imo katika vitabu vyao. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari na biashara za Bahari ya Hindi, ujulikanao leo kwa jina la Periplus. Humo anautaja mji wa Rhapta, soko la mwisho la mwambao alioufahamu, na anaeleza kuwa jina hilo limetokana na vyombo vya huko vilivyoshonwa kwa kamba. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu: hao ni ndugu wa mitepe. Anakitaja pia kisiwa cha Menouthias, ambako watu walivua kwa vyombo vya kusuka, nasi mara moja tunafahamu kwamba anazungumzia kitu kama dema. Wataalamu wangali wakibishana Rhapta ilikuwa wapi. Wengi wanaitafuta katika pwani ya Tanzania, na wako waielekezao kwenye delta ya Rufiji. Mabishano hayo yanaegemea sentensi chache, na sentensi hizo zimetufikia kwa nakala kuu moja ya karne ya 10 iliyotunzwa Heidelberg, Ujerumani. Huo ndio uzito wa kunakili. Mkono wa karani mmoja umebeba simulizi nzima ya pwani ya watu.

Sasa tutazame wenye Kigiriki walivyokitunza kilichosalia. Njia ilifunguliwa na mtu wa Kilatini. Mwaka 1949 padri Mjesuti kutoka Italia, Roberto Busa, aliifikia kampuni ya IBM jijini New York akaomba imsaidie kuorodhesha kila neno lililomo katika maandishi ya Thomas wa Akwino. Kazi hiyo ilimla takriban miaka thelathini. Mwaka 1972 wanazuoni wa Kigiriki walianzisha mradi wao katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, wakaupa jina la Kilatini, Thesaurus Linguae Graecae, yaani hazina ya lugha ya Kigiriki. Lengo lao lilikuwa kuyaingiza katika kompyuta maandishi yote ya Kigiriki yaliyosalia tangu Homer. Leo hazina hiyo ina maneno zaidi ya milioni 100.

Kompyuta za wakati ule hazikuzijua herufi za Kigiriki. David Packard alibuni utaratibu wa kuziandika kwa herufi za Kirumi pamoja na alama za kawaida za taipureta, hata kila irabu, kila mkazo na kila pumzi ya mwanzo wa neno ikapata alama yake. Naomba washairi waishike nukta hii. Ingekuwa rahisi kusema kwamba mikazo ni pambo na kuiacha. Haikuachwa. Waliokuja baada yake walikuta matini kamili, na juu ya matini hiyo wakajenga mengine. Katika miaka ya 1980 ikazaliwa maktaba ya Perseus, iliyolelewa kwa muda mrefu katika Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani chini ya Gregory Crane. Humo msomaji hugusa neno la Homer, akaonyeshwa mzizi wake, nafsi yake, wakati wake na maana zake. Nyuma ya mguso huo ipo programu, lakini nyuma ya programu wapo watu walioketi na kuichambua sentensi baada ya sentensi kwa mkono.

Yote hayo yamefanyiwa lugha ambayo hakuna mama anayembembeleza mwanawe kwayo. Sisi, kila tarehe 7 Julai, tunajigamba kwamba Kiswahili kina mamilioni ya wasemaji na siku yake duniani. Ni kweli, na mimi hujigamba pamoja nanyi. Lakini wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nisieleweke vibaya. Kiswahili hakikuachwa nje ya kompyuta. Tangu miaka ya 1980 Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alijenga programu ya kuchanganua maneno ya Kiswahili, akitumia njia ambayo Kimmo Koskenniemi aliibuni mwaka 1983 na kuijaribu kwanza kwa Kifini. Si ajabu kwamba Wafini ndio waliotuonea huruma, kwani lugha yao nayo hupachika viambishi juu ya viambishi. Chukua neno *hawakutuandikia*. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hulikatakata hivi: *ha-* ya ukanushi, *wa-* ya nafsi, *ku-* ya wakati uliopita, *tu-* ya mtendwa, mzizi *-andik-*, *-i-* ya kauli ya kutendea, na irabu ya mwisho. Programu ile hufanya vivyo hivyo kwa kasi ambayo mwanafunzi hawezi kuota. Pamoja nayo likakusanywa ghala la matini, au kopasi kama wanaisimu waiitavyo, lenye maneno yapatayo milioni 25.

Swali langu ni hili: maneno hayo yametoka wapi? Sehemu yake kubwa ni habari za magazeti na mijadala ya Bunge la Tanzania, pamoja na vitabu. Vijana wa Kiafrika waliounda mtandao wa Masakhane nao wamefanya kazi ya kusifiwa. Mwaka 2021 walitoa data ya kuifundisha mashine kutambua majina ya watu na ya mahali katika lugha kumi za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, na chanzo chao kilikuwa tena habari za magazeti. Siwalaumu. Mtu huchota maji kwenye kisima kilicho wazi. Lakini mashine iliyolelewa magazetini na Bungeni itaijua lugha ya waziri akijibu swali la nyongeza, wala haitamjua Muyaka.

Muyaka yuko wapi, basi, na wenziwe wako wapi? Wengi wamo katika hati za mkono. Utendi wa Tambuka, unaohesabiwa kuwa ulitungwa Pate mwaka 1728, una hati yake Hamburg. Nao, kwa taarifa ya wanaodhani kwamba Ugiriki hautuhusu, unasimulia vita na Herekali, mfalme wa Rumi ya Mashariki, ambaye dola yake ilinena Kigiriki. Karatasi za W. E. Taylor, zenye mashairi ya Muyaka yaliyokusanywa na kufafanuliwa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, zimo London. Hatuna hata haja ya kuvuka bahari. Hapa hapa Mlimani, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, upo mkusanyo wa hati ambao J. W. T. Allen aliuchapishia orodha mwaka 1970. Kutoka Tandika ni mwendo wa daladala mbili.

Hata pale hati zilipopigwa picha na kuwekwa mtandaoni, picha si matini. Kompyuta ikitazama picha ya ukurasa huona weusi na weupe. Huwezi kuiuliza neno *mtima* limetokea mara ngapi katika tenzi za karne ya 18, wala nani alilitumia kwanza. Mtu sharti aketi asome, na kusoma huko si kazi ya mchezo. Hati za Kiarabu zina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Waandishi wengi walitumia kasra kwa *i* na *e* pamoja, na dhumma kwa *u* na *o*. Herufi *be* mara nyingi ilibeba sauti ya *b* na ya *p*, na sauti ya puani kabla yake huenda isiandikwe. Kwa hiyo *be* mbili zenye dhumma zaweza kusomwa *bubu*, na zaweza kusomwa *popo*. Anayejua ni yule aliyeushika muktadha, akaisikia mizani, akakitegea sikio kina. Elimu hiyo wanayo wazee wachache, na wazee hao hawaongezeki.

Hapa ndipo nilipoanza kuyaona mambo haya kwa macho yangu. Kijana mmoja wa jirani, anayesoma kompyuta chuoni, alinijia barazani. Aliponiamkia alisema, "Shikamoo Mwalimu. Nimetengeneza programu ya kuhesabu mizani, naomba uipime." Nilifurahi kama niliyeletewa mjukuu. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: irabu moja, mizani moja. Nikampa neno *mtu*. Programu ikasema mizani moja. Nikacheka, nikamwambia *m-tu* ni mbili. Akaongeza kanuni: *m* ikitangulia konsonanti, ihesabiwe peke yake. Nikampa *mbali*. Programu ikasema tatu, nami najua ni *mba-li*, mbili. Akaongeza tena: *mb* ihesabiwe kuwa sauti moja. Ndipo nilipomwandikia mshororo niliobuni papo hapo kwa kumtega:

*Mbuni ni ndege mkubwa, mbuni mti wa buni.*

Mshororo huo una mizani nane kwa nane, na sikio la mshairi halitasita. Mbuni wa kwanza, ndege, ni *mbu-ni*, mizani mbili. Mbuni wa pili, mti uzaao buni, ni *m-bu-ni*, mizani tatu. Kwa kanuni yake ya kwanza programu ilitoa tisa kwa nane. Kwa kanuni ya pili ilitoa nane kwa saba. Hakuna kanuni ya herufi peke yake iwezayo kutoa nane kwa nane, kwa sababu herufi ni zile zile. Nikamwongezea: *mtu mbaya* ni mizani tano, *m-tu m-ba-ya*, lakini *nyumba mbaya* ni nne, *nyu-mba mba-ya*. Kivumishi kile kile, tahajia ile ile, hesabu mbili. Kinachotenganisha ni ngeli ya nomino inayosifiwa.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo programu sharti ielewe sentensi kabla haijahesabu?" Nikamjibu kwamba ndivyo. Ili uhesabu mizani sharti ujue ngeli, na ili uijue ngeli sharti ujue kinachosemwa. Alipoondoka nilibaki nikijistaajabia. Nilifundisha mizani kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kuiandika kanuni hiyo ubaoni. Niliijua kwa sikio, nikawaachia wanafunzi waipate kwa sikio, na wasioipata niliwapa sifuri.

Baadaye niligundua kwamba wenzetu wa Kigiriki walikutana na mlango uo huo. Ushairi wa Homer hupimwa kwa silabi ndefu na fupi. Kigiriki kina herufi tofauti kwa *e* ndefu na *e* fupi, na kwa *o* ndefu na *o* fupi. Lakini *a*, *i* na *u* zao huandikwa namna moja, ziwe ndefu au fupi. Mashine inayopima mshororo wa Homer hukwama papo hapo, mpaka ifundishwe neno husika ni lipi na limekaaje katika sentensi. Wao walikaa chini, wakaandika kanuni moja moja, wakatia vighairi kimoja kimoja. Faida ya kwanza ya mashine basi si kasi yake. Ni ubishi wake. Haikubali "unajua tu", bali humlazimisha mjuzi aseme anachokijua.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Yule kijana aliporudi tulianza kuingiza katika kompyuta mashairi ya daftari langu la zamani, niliyokuwa nikiyanakili kutoka kwa watunzi mbalimbali. Kila tulipoandika *nti* kwa maana ya nchi, *ndia* kwa maana ya njia, *mato* kwa maana ya macho, mstari mwekundu ulijitokeza chini ya neno. Kijana akataka kusahihisha. Nikamzuia mkono, na katika kumzuia nikamkumbuka msichana mmoja.

Alikuwa mwanafunzi wangu kidato cha pili, katika shule ambayo sina haja ya kuitaja. Niliwapa kazi ya kutunga, naye akaleta shairi la beti tano. Kina chake cha mwisho kilikuwa *-ti*: *sauti*, *viti*, *mti*, *nti*. Nilichukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini ya *nti*, nikaandika juu yake *nchi*. Mbele ya darasa nikamwambia kwamba Kiswahili sanifu hakina neno hilo. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, babu huandika hivyo." Babu yake alikuwa mtunzi, na daftari lake ndilo lililomfundisha. Nikamjibu kwamba babu hatasahihisha mtihani wa taifa. Darasa likacheka. Hakuniletea shairi jingine.

Tazameni kosa langu kwa macho ya mshairi. *Nti* na *nchi* zina mizani sawa, *n-ti*, *n-chi*, kwa hiyo hesabu haikuharibika. Kilichokufa ni kina. Msichana yule alikuwa sahihi kwa sheria za arudhi na kwa sheria za lahaja ambayo washairi wa pwani wameitumia kwa karne kadhaa. Mimi, mwenye cheti cha ualimu, nilikuwa mashine iliyolishwa kitabu kimoja. Nilijua Kiswahili cha mtihani, nikadhani nakijua Kiswahili chote. Sikuwa na nia mbaya, na mstari mwekundu wa kompyuta nao hauna nia mbaya. Kila asiyelishwa huhukumu kwa kipimo alichonacho.

Hii ndiyo hatari ninayoiona mbele yetu, na ndiyo sababu ya makala haya. Akili mnemba itawasomesha wajukuu zetu, tukitaka tusitake. Mtoto wa Mbagala ataiuliza simu yake kama shairi lake ni zuri, kabla hajaniuliza mimi au wewe. Ikiwa mashine hiyo imelelewa kwa habari za magazeti tu, itamwambia kwamba inkisari ni kosa la tahajia, kwamba mazida ni neno lililorefushwa ovyo, kwamba tabdila ni kutojua. Itapiga mstari mwekundu chini ya babu. Mimi nilimnyamazisha msichana mmoja. Mashine inaweza kuwanyamazisha wote kwa siku moja, na kwa adabu kubwa kuliko niliyokuwa nayo mimi.

Najua wako washairi watakaosema kwamba ushairi ni pumzi ya roho, haupimwi kwa kompyuta. Nawaheshimu, lakini nawauliza: je, si sisi tunaopima mizani kwa vidole? Si sisi tuliobishana miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, kama utungo usio na vina wafaa kuitwa shairi? Tulihesabu na kupima tangu zamani. Karani akija kutusaidia kuhesabu, hatunyang'anyi pumzi. Ni pale tutakapomfanya karani kuwa kadhi ndipo tutakapopotea. Mashine yenye arudhi peke yake itamfukuza Kezilahabi mlangoni. Isiyo na arudhi kabisa haitaona tofauti kati ya tarbia na tangazo la mnada. Zote mbili zinahitaji mtu wa kukaa karibu nazo.

Kuhusu mtu huyo, Kigiriki kina ushahidi mzuri. Mwaka 2022 jarida la *Nature* lilichapisha kazi ya Yannis Assael, Thea Sommerschield na wenzao juu ya programu iitwayo Ithaca. Programu hiyo hubahatisha herufi zilizofutika katika maandishi ya Kigiriki yaliyochongwa mawe, ikiwa imefundishwa kwa maelfu ya maandishi ambayo wanadamu waliyanakili kwa vizazi. Walipoijaribu, wanahistoria peke yao walipatia asilimia 25. Programu peke yake ilipatia asilimia 62. Wanahistoria wakiitumia programu walipatia asilimia 72. Mwenye kuchukia mashine aitazame ile 25, na mwenye kuiabudu aitazame ile 72. Wawili wakikaa pamoja wanamshinda kila mmoja wao peke yake. Nikizikumbuka hati zetu zilizoliwa na mchwa na chumvi ya bahari, zenye *be* isiyojulikana kama ni *bubu* au *popo*, natamani siku ambayo mzee wa Lamu au wa Tanga ataketi na msaidizi wa namna hiyo. Lakini msaidizi huyo hawezi kuzaliwa kabla ya matini zenyewe kuandikwa.

Wengine watauliza juu ya haki: tukiyaweka mashairi yetu hadharani, je, makampuni ya mbali hayatayachota bila shukrani? Swali hili ni la haki, na walio hai sharti waombwe ruhusa kwa jina lao na kazi zao zilindwe na sheria ya hakimiliki tuliyo nayo tangu mwaka 1999. Hata hivyo, kufungia sandukuni si ulinzi. Mchwa nao haombi ruhusa.

Napendekeza nini? Kwanza, kila mwenye daftari la mtunzi, awe Temeke, Kinondoni au kwingineko, alinakili katika kompyuta au simu *kama lilivyo*. Kama mtunzi aliandika *nti*, andika *nti*. Kama alikata neno, liache limekatwa. Ukitaka kufafanua, fafanua pembeni, kama Mwalimu Sikujua alivyofafanua, wala usiguse mshororo. Juu yake andika jina la mtunzi, mahali, mwaka ukijulikana, na nani aliyenakili. Karani wa Heidelberg hakujua kwamba anatutunzia Rhapta, nasi hatujui tunamtunzia nani.

Pili, tuyakumbuke magazeti. *Ngurumo*, *Uhuru* na *Mzalendo* yalichapisha mashairi ya wananchi wa kawaida, makarani, makuli, walimu na askari, ambao hawakupata kamwe kuwa na diwani. Ni jambo la kejeli kwamba mashine zimekula habari za magazeti na kuuruka ukurasa wa mashairi. Mwanafunzi wa chuo anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanzia hapo.

Tatu, walimu wenzangu, tuziandike kanuni zetu za sikio. Kwa nini *mbwa* ni mizani mbili na *mbali* ni mbili vilevile, ilhali la kwanza lina irabu moja? Ni lini mshairi huandika *labuda* badala ya *labda*, na anapata nini? Tukiziandika wazi, zitamfaa mwanafunzi kabla hazijaifaa mashine. Kazi hiyo haihitaji umeme, inahitaji uaminifu wa kukiri kwamba tulikuwa tukisahihisha vitu tusivyoweza kuvieleza.

Mimi na yule kijana tumekwisha kuingiza kurasa arubaini za daftari langu. Mistari myekundu imejaa skrini kama surua. Mwanzoni alitaka kuizima. Nikamwomba aiache, na kila neno lililopigiwa mstari tukaliandika katika orodha yake, pamoja na maana na mshororo lilimotoka. Orodha hiyo inakua kila Jumamosi, na hivi karibuni nimeona kwamba ndiyo kazi yenyewe: kila mstari mwekundu unatuonyesha mahali ambapo Kiswahili ni kikubwa kuliko mashine inavyojua. Neno la kwanza katika orodha ni *nti*. Nimeliandika mimi mwenyewe, kwa kalamu ya buluu.